Mtoto Aliyeandikwa Enoch

Aroi, Arua
3 Mei 1988

Kwako Mama Madina, muuza vitenge, Soko la Koboko.

Salamu nyingi. Hunijui nami sikujui, kwa hiyo usishtuke. Jina langu ni Severino Draku. Ni msaidizi wa daktari katika zahanati ndogo hapa Aroi, tunakotibu na kuchunguza uvimbe wa taya unaowapata watoto wa huku kwetu. Ni ugonjwa wa nadra. Mtu anaweza kuzeeka bila kumwona mtoto hata mmoja mwenye nao, lakini sisi tumeona thelathini na mmoja kwa miaka miwili, kwa sababu wote wanaletwa kwetu.

Tarehe 18 Aprili alikuja mama amebeba mtoto wa kiume wa miaka sita. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho likafungwa, meno yanacheza, hali chochote ila uji mwepesi. Nikaandika: mtoto Enoch, mama Margarita, kijiji Dadamu. Tukamdunga sindano moja mshipani. Mama Madina, natamani ungekuwepo uone. Siku ya tatu jicho lilifunguka. Siku ya tano shavu limerudi mahali pake na mtoto anadai muhogo. Siku ya sita asubuhi nikakuta kitanda kitupu. Mama alikuwa amekunja mkeka vizuri, akafagia, akaenda zake.

Sindano ni sita, moja kila wiki mbili. Ya pili ilikuwa jana. Asipozipata zilizobaki, uvimbe utarudi, na ukirudi unaua. Nimekwenda Dadamu mara mbili kwa baiskeli. Hakuna Margarita mwenye mtoto Enoch, na mbwa wa pale sasa wananijua.

Nina kitu kimoja tu. Mama yule alivaa kitenge cha kahawia chenye funguo za njano. Nilipokisifu alicheka akasema, "Hii natoka kwa Mama Madina, Koboko." Tafadhali, unamkumbuka?

Wako mwaminifu,
Severino Draku

*

Koboko
9 Mei 1988

Mwanangu Draku,

Nimekuita mwanangu kwa sababu mwandiko wako ni wa kijana. Barua imefika na Andama, dereva wa lori la tumbaku. Aliishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, maana uliandika "zahanati" juu ya bahasha. Siku nyingine andika jina langu tu.

Margarita simjui. Kitenge cha funguo nimeuza vipande vingi, kwa wanawake wa Koboko, wa Kuluba, hata wa ng'ambo Kongo. Wao wenyewe wanakiita "Mke Mwenza Nyamaza". Usiniulize kwa nini. Mimi nauza kitambaa, jina wanatoa wao.

Lakini umenitia udadisi, na mimi udadisi ni ugonjwa wangu. Nilijifunza kuandika katika kambi ya jeshi, Jinja, marehemu mume wangu alipokuwa koplo, na mwalimu alikuwa ananitoa nje kwa sababu ya maswali. Basi vumilia. Umesema mwenyewe jicho limefunguka na mtoto anadai muhogo. Sindano ya pili ni ya nini? Huku watu wanasema ya kwanza ni ya mtoto, hizo nyingine ni za wazungu kujifunzia. Usikasirike, nauliza tu.

Tena, hayo majina mnayoandika, daftari linakwenda wapi?

Na huyo mtoto, akikaa bila hiyo ya pili, ana muda gani?

Salamu kwa walio hapo,
Mama Madina

*

Aroi
14 Mei 1988

Mama Madina mpendwa,

Sikukasirika. Nimekaa mwaka mzima nikisubiri mtu aniulize swali la kwanza. Wengine hawaulizi, wanaondoka tu.

Uvimbe huu unakua haraka kuliko kitu chochote ninachokijua mwilini. Kwa kuwa unakua haraka, dawa nayo inaukamata haraka, ndiyo maana unayeyuka mbele ya macho ya mama. Lakini ni kama shamba ulilochoma: unaona majivu, unadhani moto umekwisha, na chini ya kisiki kuna kaa moja. Sindano tano zilizobaki ni za kutafuta hilo kaa. Kwa bahati mbaya hakuna mtu anayeliona, hata mimi na darubini yangu.

Haya ndiyo niliyoyapata, nami nakuambia kama yalivyo. Kati ya watoto thelathini na mmoja, kumi na saba walimaliza sindano zote, na kumi na watatu kati yao wako hai leo. Kumi na wanne walitoweka baada ya ya kwanza, kwa sababu ilifanya kazi vizuri mno. Nimefanikiwa kupata watano kati ya hao. Wanne nilionyeshwa makaburi.

Kuhusu muda sijui. Wengine uvimbe ulirudi baada ya mwezi, wengine baada ya miezi mitatu. Kila siku inayopita naona ni nyingi.

Daftari halitoki hapa. Zinazotoka ni namba. Tena ungeona ramani yangu ungefurahi! Nimebandika ukutani ramani ya West Nile nzima, na kila mtoto nimemchomekea pini nyekundu palepale nyumbani kwao, mto gani, kilima gani. Tunataka kujua kwa nini nyumba za mabondeni zinapata zaidi kuliko za milimani. Huenda malaria inafungua njia. Pini ya Enoch iko Dadamu, ingawa naogopa iko mahali pa uongo.

Kama unajua lolote, nisaidie.

Severino

*

Koboko
20 Mei 1988

Mwanangu Draku,

Wewe ni mtu mzuri, na mtu mzuri asiyejua anatisha zaidi ya mbaya.

Umechora ramani ya West Nile, umechomeka pini nyekundu kwenye nyumba za watu, halafu unashangaa kwa nini watu wanakudanganya! Keti nikufundishe. Mwaka wa themanini walikuja watu wenye bunduki sokoni hapa Koboko, na mmoja alikuwa na karatasi. Alisoma majina polepole, kama mwalimu. Mume wangu alikuwa wa nane. Mpaka leo najua aliyemtangulia na aliyemfuata. Sisi wengine tulikimbia Kongo na Sudani, tukakaa miaka sita, tukarudi. Sasa unakuja na kalamu: jina, jina la baba, kijiji. Nani atakupa la kweli? Nina hakika wale tisa usiowapata hawakupotea. Hawakuwahi kuwepo.

Ngoja nikuambie tunavyofanya sisi wa sokoni. Mimi siandiki jina la mteja, na hakuna mteja anayenipotea. Kila kitenge nikikata, nabaki na kipande cha vidole viwili. Nimevishona vyote kwenye shuka moja kuukuu. Nikitazama kipande, namwona mwenyewe: huyu mrefu, huyu ana mapacha, huyu anakuja siku ya soko la pili la mwezi. Kitambaa hakisomeki na askari. Na wewe fanya hivyo. Mwambie mama akupe uzi au pindo la nguo yake, ulibane kwenye kadi yake badala ya jina. Siku ya sindano akija, mnalinganisha. Asipokuja, unaleta kipande kwangu au kwa muuza vitenge mwenzangu wa Arua, sisi tutakuambia ni wa upande gani, na tutampelekea neno kimyakimya.

Sasa swali. Tuseme tu yuko mtu anayemjua mama wa mtoto yule. Nasema tuseme. Angetazama wapi kwanza, kujua kama uvimbe unarudi?

Mama Madina

*

Aroi
27 Mei 1988

Mama Madina,

Ramani nimeing'oa. Niliisoma barua yako nimesimama chini yake, na kwa mara ya kwanza niliiona kama mnavyoiona ninyi. Naona aibu. Mimi nilikuwa shule ya seminari mbali mwaka ule, na niliporudi watu walinisimulia, lakini kusimuliwa ni kitu kingine.

Tarehe 24 alikuja mama anaitwa Ayikoru na mtoto wake Dumo, miaka mitano, taya la kulia. Sikuuliza jina. Nilimwomba uzi wa pindo la kitenge chake. Alinitazama kama nimeingiwa na wazimu, kisha akacheka mpaka akashika ukuta, akanipa. Na alipoona kweli sina daftari mkononi, jina alilitaja mwenyewe, la mume pia, na la kijiji. Nimefurahi kama mtoto. Daktari wangu anasema nimegeuza zahanati kuwa duka la fundi cherehani, lakini amekubali tujaribu.

Kuhusu swali lako, yule mtu wa "tuseme" atazame jino. Jino litaanza kucheza kabla shavu halijavimba. Atazame kama jicho limesukumwa mbele, kama miguu imelegea, kama tumbo limekuwa gumu upande mmoja. Akiona kimoja, asingoje.

Na mimi nina swali. Umeniambia hakuna mteja anayekupotea, kila kipande unamwona mwenyewe. Kitenge cha funguo peke yake ndicho umekisahau?

Sikushtaki. Lakini ujue hali ilivyo. Dawa imekwisha. Shehena nyingine inakuja Agosti. Kimebaki kichupa kimoja, nimekifungia kabatini, kimeandikwa Enoch. Dumo anatakiwa kupata ya pili tarehe 7 Juni, na mama yake yuko hapa, amelala kwenye veranda yetu, hatoki. Nitakishika kichupa hicho mpaka siku hiyo. Baada ya hapo sitaweza kumtazama Ayikoru usoni.

Severino

*

Koboko
3 Juni 1988

Draku mwanangu,

Naomba siku kumi. Usimpe mtu kichupa hicho. Naenda ng'ambo. Usiulize.

Madina

*

Koboko
12 Juni 1988

Mwanangu Severino,

Anayekupa barua hii unamjua. Ni yule uliyemwandika Margarita. Jina lake ni Candiru, ni mke wa mwanangu. Mtoto ni Jale, mjukuu wangu. Kitenge cha funguo nilimpa mimi mwenyewe alipojifungua, na sikuwahi kuuza kingine kama hicho. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, ulipokitaja.

Nilikudanganya. Ningekuwa mbele yako ningejifunika uso.

Nieleze kidogo. Mwanangu Kenyi alikuwa askari wa serikali ile ya zamani. Kijana wa miaka ishirini na mmoja, dereva tu. Mwaka wa sabini na tisa, serikali hiyo ilipopinduliwa, alivuka Kongo. Wenzake wengi wamerudi, wanalima, wameoa. Yeye alisikia huko baba yake alivyosomwa kwenye karatasi. Analima shamba letu la Kuluba mchana na kulala ng'ambo ya kijito, upande wa Kongo. Barabara kubwa hajaikanyaga miaka tisa, anapita vichakani hata akienda kununua chumvi. Candiru aliporudi kutoka kwako na mtoto mzima, Kenyi alilia kwa furaha. Halafu akauliza, "Wao iliandika?" Candiru akasema ndiyo, jina la uongo. Akasema, "Uso wako hapana ya uongo." Asubuhi yake akawahamisha wote ng'ambo.

Kila barua yako nimempelekea, nikamsomea. Pale pa makaburi manne nilimsomea mara mbili. Alikuwa anasikiliza vizuri, anauliza maswali kama mimi, nikadhani amelainika. Halafu nikafika pale pa ramani. Akasimama. "Mama, leo wao naandika, kesho wao nasoma kwa sauti. Mimi hapana peleka mutoto kule." Na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nilimwelewa. Ndiyo maana nilikuuliza maswali ya kuzungukazunguka. Nilitaka unipe jibu litakaloniruhusu kumwacha mtoto alipo. Hukunipa.

Nilipofika ng'ambo safari hii nilimkalisha Jale mapajani, nikamwambia afungue mdomo. Jino la nyuma lilicheza chini ya kidole changu. Nilimwita Kenyi, nikamshika kidole chake, nikakiweka palepale. Akalitingisha mwenyewe tena. Kisha akasema, "Candiru nakwenda naye. Mimi hapana."

Basi ndio hao. Wiki sita hizi nimezipoteza mimi, mtoto hana kosa, mama yake hana kosa. Mpe kichupa chake. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie baadaye.

Madina

*

Aroi
14 Juni 1988

Mama Madina,

Nilisubiri tarehe 7. Nikasubiri wiki moja zaidi, kwa ajili ya neno lako tu. Kila asubuhi Ayikoru alikuwa ananiuliza, "Dawa iko?" na mimi nasema bado, na kichupa kiko kabatini mita tatu kutoka alipokaa. Taya la Dumo likaanza kujaa tena.

Leo asubuhi nimempa. Nimefuta jina la Enoch kwa kidole.

Kama nimekosa, nimekosa mbele yako. Lakini mtoto aliyekuwepo alikuwa yeye.

Severino

*

Aroi
16 Juni 1988

Mama Madina,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ilikuwa kwa Andama, na siku hiyohiyo ulipoipokea, nadhani, Candiru aliingia hapa na yako.

Nimeisoma. Sina hasira. Ningekuwa nayo kama ningekuwa na nafasi.

Jale yuko hapa. Jino limetoka jana, shavu limeanza. Kichupa, umeshajua. Nilipomwambia Candiru, alikaa chini. Ayikoru alikuwa pale na Dumo mgongoni, akasikia. Akatoka nje, akarudi na sufuria ya mboga, akaiweka mbele ya Candiru. Tangu hapo wanapika pamoja. Hawaongei sana.

Agosti ni mbali. Kwa mtoto huyu Agosti haipo. Lakini nimefikiri jambo. Dawa hii si yetu peke yetu. Hospitali kubwa za misheni upande wa Kongo zinaweza kuwa nayo, kwa ajili ya saratani nyingine. Mimi sijui njia za kule. Nikiandika barua kwa utaratibu, itachukua miezi miwili. Wewe unajua vitu vinavyopita wapi na nani anavibeba. Nimeliandika jina la dawa kwenye karatasi hii ya pili, herufi kubwa, pamoja na kipimo na barua ya daktari yenye mhuri wa kuthibitisha ugonjwa. Naomba ufanye ujuavyo.

Jale anauliza mambo mengi. Leo ameniuliza kwa nini glovu zina vidole vitano na sindano ina kimoja. Ni wa kwako kweli.

Severino

*

Koboko
30 Juni 1988

Mwanangu Severino,

Nilifanya kama ninavyofanya rangi ya kitenge inapoadimika. Siendi kwa mwenye duka, yeye anajua kilichopo rafuni tu. Naenda kwa anayebeba. Yuko mfanyabiashara mmoja wa Ariwara, ng'ambo, anaitwa Théodore, anayeniletea vitambaa. Huyo anabeba kila kitu, mafuta, sabuni, hata vioo vya miwani. Nilimpa karatasi yako, akaisoma huku anasogeza midomo. "Mama, hii dawa iko ku opitali ya misioni. Mimi mwenyewe nilishusha makartoni. Lakini masista hawapatii mutu hivihivi. Wanataka baba ya mutoto."

Wanataka baba! Nilikwenda mwenyewe kwa sista wa dawa, nikaomba, nikalia, nikasema mimi ni bibi yake. Yule sista alikuwa mpole sana na hakusogea hata kidogo. Dawa kali kama hii, akasema, inatoka kwa jina la mgonjwa, jina la baba, mahali anapoishi, na sahihi yake. Barua ya daktari aliikubali. Sahihi yangu aliikataa.

Nikarudi kwa Kenyi. Sikumsihi. Nilimwambia kilichosemwa, nikamwambia jino limetoka, nikakaa. Alikuwa ananoa jembe. Alinoa mpaka nikadhani litakwisha. Mwishowe akaniuliza hilo daftari ni la rangi gani. Nikasema sikutazama. Akasema, "Twende tuone."

Severino, nilisimama mlangoni nikamtazama mwanangu akishika kalamu. Sista alimwekea kitabu cha kuegemea. Akaandika Kenyi, akaandika jina la baba yake, akaandika Kuluba. Halafu, bila kuulizwa, akaandika namba yake ya jeshi. Yule sista hakujua ni nini, akadhani ni sanduku la posta.

Wametoa vichupa vinne. Nilitaka kumpa Andama avilete. Kenyi amekataa, amesema vinaweza kuvunjika. Kwa hiyo anayekuletea barua hii ni yeye. Kama amefika, basi yuko mbele yako sasa hivi. Mpe maji kwanza.

Madina

*

Aroi
3 Julai 1988

Mama Madina,

Amefika jana saa sita mchana, matope hadi magotini, vichupa amevifunga kifuani kwa kitambaa. Nilimpa maji. Alikunywa akiwa anautazama ukuta, pale pini zilipoacha matundu.

Jicho la Jale lilikuwa limefungwa tena. Alimjua baba yake kwa sauti, akamuuliza kama mbuzi amezaa. Nilimdunga siku hiyohiyo. Hatujui dawa itafanya nini mara ya pili. Kwa wengine kaa lililobaki limeshajifunza kuvumilia.

Sasa nikueleze jambo ambalo nadhani yeye hatakueleza. Vichupa vinne vingemtosha Jale hadi katikati ya Agosti, shehena ikiwa imeshafika. Kabla sijamdunga, nilikuwa naviweka kabatini, Kenyi akanishika mkono. Akaelekeza kidole kwa Dumo, aliyekuwa anacheza na kofia yake. "Huyu ndiyo ile nakunywa dawa ya Jale?" Nikasema ndiye, na kwamba ya tatu imempita siku nne, na sina. Ayikoru alikuwa mlangoni. Aliinamisha kichwa.

Kenyi akavipanga vichupa mezani, viwili huku, viwili huku. Nikamwambia, baba, ukifanya hivyo dawa ya Jale inakwisha tarehe 16, na shehena ikichelewa hata wiki mbili sitakuwa na la kumpa mwanao. Nilimwambia mara mbili, nihakikishe ameelewa. Akasema, "Mimi nasikia. Dunga yote mbili."

Nimewadunga wote wawili. Kisha nikatoka nyuma ya zahanati nikalia, nakuambia ukweli.

Severino

*

Aroi
12 Septemba 1988

Mama Madina,

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikutaka kuandika nusu. Shehena ilifika tarehe 29 Julai, siku moja kabla ya sindano ya tatu ya Jale, maana tulianza kumhesabia upya. Siku hizo kumi na tatu za kusubiri nilikonda, muulize Candiru.

Juzi Jale amepata ya sita. Dumo alimaliza kabla yake. Mashavu yote mawili yako sawa, nimeyapapasa mpaka watoto wamechoka nami. Sisemi wamepona. Uvimbe huu ukikaa mwaka mzima bila kurudi, ndipo tunaanza kulitumia neno hilo, na hata hapo kwa sauti ndogo. Nitakungoja uniambie.

Kadi za vipande zimefika kumi na moja. Kumi wamerudi kila wiki mbili. Wa kumi na moja nilimpelekea muuza vitenge wa Arua pindo lake, na kesho yake mama mwenyewe alikuwa mlangoni, ananigombeza kwa nini nimemtangaza sokoni. Daktari ameniambia niandike yote haya ili wenzetu wa Kampala wasome. Nimekaa na karatasi siku tatu. Nikiandika "mbinu mpya ya ufuatiliaji" naona kama nimeiba. Niandike imetoka kwa nani?

Severino

*

Koboko
20 Septemba 1989

Mwanangu Severino,

Mwaka umetimia na siku kumi. Sikutaka kuandika siku yenyewe, niliogopa kuitaja.

Jale amevimba tumbo tu, kwa muhogo. Yuko darasa la kwanza, mwalimu amemrudisha nyumbani mara mbili kwa maswali. Kila Ijumaa namfungulisha mdomo na kutingisha meno yote. Jana lilicheza moja la mbele. Nilipiga kelele majirani wakaja. Ni jino la utoto linaanguka, kama la kila mtoto, lakini nilimfungulisha mdomo tena na tena mpaka jioni.

Uliniuliza mwaka jana uandike imetoka kwa nani, nikakunyamazia. Andika jina langu. Andika lote, Madina, muuza vitenge wa Koboko, mjane wa koplo. Nimefikiri mwaka mzima, na nimeona nataka lisomwe.

Sasa nisikilize, kuna jambo. Juzi Jale alikuwa anakula na kaka yake. Akaacha kula, akaniuliza, "Bibi, mimi na huyu tunalala mukeka moja, tunakunywa maji moja, mbu nauma sisi wote. Kwa nini uvimbe nashika mimi, yeye hapana?" Nilimwambia sijui. Akaniuliza nani anajua. Nikasema yuko mtu Aroi anayetafuta, lakini na yeye bado hajui. Akawaza, akasema, "Basi mimi nakwenda kusaidia yeye kutafuta." Anataka umtazame yeye na kaka yake, mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo darubini yako.

Nilimcheka. Baba yake hakucheka. Kenyi ameazima baiskeli, amesema atawaleta wote wawili Jumatatu.

Watapita barabara kubwa, mchana.

Mama yako,
Madina